Sahani Mia na Themanini za Rosina

Jumapili, 1 Juni. Nyuzi joto 41.

Shajara hii si yangu. Nimeikuta kwenye droo ya meza tuliyoinunua kwa familia moja inayohama Mirdif. Haijaandikwa hata neno, tarehe zimejipanga tu zinamsubiri mtu. Karibu nusu ya mwaka imeshakwenda, lakini kuanzia leo mpaka joto lipungue nitaijaza mimi. Naitwa Fortunata, mtu wa Muleba, Kagera. Kazi yangu ni kufunga mizigo kwenye duka la Mzee Badawi hapa Al Qusais, Dubai, na kwa miaka sita sijaona anayefunga mizigo akanishinda. Wahaya hatujisifu, tunasema ukweli tu.

Duka letu lina mlango wa mbele na wa nyuma. Mbele tunauza vyombo vya nyumbani vilivyokwisha tumika: friji, vitanda, sufuria, mpaka mapazia. Kiangazi ndio msimu wetu, shule zikifungwa familia zinahama na kuuza kila kitu. Nyuma ni stoo ya mizigo ya watu wetu inayongoja kontena. Mzigo wa Mombasa una utepe mwekundu wa kanga, wa Dar es Salaam una utepe wa bluu. Kisicho na utepe kinauzwa. Hiyo ndiyo sheria ya Mzee Badawi, na friji hapa haisafiri tupu: ndani yake mwenye mzigo anajaza vyake vyote, ndipo mimi naifunga kwa kamba na plastiki.

Jumapili wadada wa majumbani wana mapumziko, kwa hiyo leo duka lilijaa. Rosina naye alikuja. Huyu ni mtu wa Mbinga, anafanya kazi nyumba moja Mirdif mwaka wa tisa sasa. Amepindua sahani zetu zote, moja baada ya nyingine, akazitazama ukingoni, akachukua tatu. Jumapili iliyopita alichukua mbili. Mtu anapanda basi na jua hili kwa ajili ya sahani tatu! Nikamwambia, "Dada, sahani unazinunua kama dozi, moja asubuhi, moja mchana, moja jioni?" Akacheka tu. Nikasema moyoni, huyu ni bahili wa kupindukia.

Jumatano, 4 Juni. 43.

Mubin kavunja kioo cha kabati la watu. Eti limemponyoka kwa sababu ya jasho. Mubin ndiye dereva na mpakiaji wetu, wa Likoni, mdomo wake hauchoki ila mikono inachoka mapema. Mzee amemwambia hiyo ni mara ya pili na ya tatu hatavumilia.

Ijumaa, 6 Juni.

Idi. Duka limefungwa. Mzee ametuletea biriani, na sisi Wakristo tumekula kuliko wenye sikukuu.

Jumapili, 8 Juni. 42.

Leo nimemuuliza Rosina wazi. "Hivi dada, kwenu mko wangapi?"

"Mimi na mama. Na kuku."

"Na sahani mpaka sasa unazo ngapi?"

"Mia na thelathini na nane."

Nikaacha kukunja gazeti. Akaona nimeduwaa, akakaa kwenye kochi la kuuza, akanieleza. Kwao mtu akiwa na harusi au msiba hupita nyumba kwa nyumba kuazima vyombo. Zinapatikana sahani za kila namna, za udongo, za plastiki, za bati zilizotoboka. Wakubwa wanapewa za udongo. Waliokuwa jikoni tangu alfajiri wanakula kwenye chochote kilichobaki. Baba yake alipofariki, Rosina alikuwa na miaka kumi na minne. Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba anakula kwenye mfuniko wa sufuria, kwenye msiba wa mume wake mwenyewe.

"Nataka nifungue huduma ya kukodisha vyombo vya shughuli," akasema. "Sahani zote sawasawa. Askofu na mchota maji, sahani moja. Zikichanganyika tu, watu wataanza kuchagua nani apewe ipi."

Ndiyo maana anazipindua. Anataka nyeupe yenye mstari mwembamba wa kijani ukingoni, aina moja tu, na siku hizi haitengenezwi tena. Zamani zilikuwa kwenye nyumba nyingi za hapa, sasa zinapatikana kwa wanaohama tu. Sikumtania tena leo.

Jumapili, 15 Juni. 44.

Rosina: sahani sita. Nilizificha mimi chini ya meza tangu Alhamisi, mteja mwingine asizione.

Jumanne, 17 Juni. 45.

Joto. Basi.

Jumapili, 29 Juni. 45.

Rosina anarudi nyumbani moja kwa moja. Madam wake na familia wanahamia kwao Septemba, na yeye hataki kuanza upya kwa mwingine. Padre wa parokia yao anatimiza miaka ishirini na tano ya upadre tarehe nne Oktoba, na kamati imeshakubali vyombo vitoke kwake. Amewaahidi sahani mia na themanini. Anazo mia na hamsini.

Amechagua na friji. Tulikuwa nazo mbili kutoka jengo moja, nyeupe, pacha kabisa, zile zisizo na mkono wa kufungulia, unaingiza vidole pembeni. Ya pili ilichukuliwa jana na Jaafar, kijana wa Kisauni anayeuza vipuri vya simu Deira. Anampelekea mamake, Bi Shifaa. Huyo mama ni mjane, mumewe amefariki mwaka jana.

Alhamisi, 3 Julai. 46.

Bahati! Mimi na Mubin tulikwenda Mirdif kuchukua vitanda, nikafungua kabati la jikoni nikaziona: sahani thelathini, mstari wa kijani, hata moja haina ufa. Nimezibeba mapajani njia nzima kwenye pikapu. Mubin akasema, "Sister, hata mtoto habebwi hivyo." Nikamwambia aangalie barabara.

Jumapili, 6 Julai. 46.

Rosina alipoziona alikaa chini, akalia kidogo, akajifuta, akazihesabu. Mia na themanini kamili. Tumezipanga pamoja ndani ya friji lake, moja moja ndani ya mashuka aliyopewa na madam wake, na vipande vya gazeti katikati. Mimi nimefunga kamba, plastiki, utepe wa bluu. Sijawahi kufunga mzigo vizuri hivi. Jaafar naye alikuja na vya mamake, akajaza lake, likapata utepe mwekundu. Kwa sababu hayana mkono, tepe tumezibandika kwa selotepu.

Ijumaa, 11 Julai. 49.

Kiyoyozi cha stoo kimekufa tangu juzi na fundi haji mpaka Jumatatu. Mle ndani hapakaliki. Gundi imeyeyuka na tepe za yale mafriji mawili nimezikuta sakafuni. Nimezibandika tena kwa selotepu mpya. Mubin akasema, "Sister, hili ni la nani? Tufungue tucheck." Nikamjibu mimi mzigo nilioufunga naujua hata nikifumba macho, na sikati plastiki yangu kwa sababu ya uvivu wake wa kukumbuka. Kesho saa kumi na mbili asubuhi kontena la Mombasa.

Jumamosi, 12 Julai. 47.

Tumemaliza kupakia saa nne, kabla jua halijakaa sawa. Kontena limejaa mpaka mlangoni na hakuna nafasi hata ya kijiko. Mzee amesema, "Fortunata, mwanangu, mashaallah." Nimerudi kulala mchana.

Jumapili, 27 Julai. 48.

Rosina hakuja. Madam amewachukua wote milimani Hatta kupunga upepo.

Jumatano, 6 Agosti. 47.

Jaafar kapita dukani na tabasamu. Mzigo umefika Kisauni. "Mamangu ashukuru kweli kweli. Asema vile vyombo vimemliza kwa furaha." Mzee akaagiza chai ya maziwa tukanywa wote.

Jumapili, 17 Agosti. 46, na unyevu wa kumkaba mtu koo.

Sijui nianzie wapi. Naandika kwa utaratibu, jambo moja moja.

Rosina alikuja saa tano na mfuko: kitenge cha mama yake na taulo mbili. "Dada Fortu, nifungulie kidogo nivipachike juu ya sahani." Nikachukua kisu, nikakata plastiki, nikafungua kamba. Mlango ukafunguka. Ndani mlikuwa na kanzu mbili, chupa kubwa ya chai, mashine ya kusagia, msala na pakiti za tende.

Rosina alicheka. Kweli kabisa, alicheka. "Hili si langu," akasema, "fungua lile lingine."

Hakuna lingine. Lile lilikwenda Mombasa Julai. Nilisimama na kisu mkononi. Rosina akatazama stoo yote, akanitazama mimi, na nikaona anavyoelewa polepole. Alikaa palepale sakafuni akakumbatia ule mfuko wake.

Mzee Badawi alikuja, akaona, akavua kofia. Akampigia Jaafar hapohapo akaweka sauti ya nje, sote tukasikia. Jaafar akasema, "Mzee, sasa ndio naelewa. Mamangu alinishukuru kwa vyombo, mimi nikadhani ni chupa ya chai." Bi Shifaa alifungua friji akakuta sahani mia na themanini. Mwaka wa kifo cha mumewe ulikuwa umefika, na akaamini mwanawe amezituma ili atolewe sadaka babake. Akazigawa mtaani, nusu dazeni kila nyumba, nyumba thelathini. Kila aliyepokea akamrehemu marehemu.

Mzee akamwambia Jaafar amweleze mama yake ukweli. "Wallahi siwezi," Jaafar akasema. "Alilia kwa furaha, Mzee. Sadaka ya babangu. Nimwambie aende kwa majirani akawapokonye?" Na Mzee, ambaye naye ni mtu wa pwani na anajua sadaka ni nini, akakata simu.

Basi akageukia mtu wa kumbebesha. Akamwita Mubin. Wewe ndiye uliyepakia, akamwambia. Kioo cha kabati ilikuwa mara ya pili, na hii ndiyo ya tatu. Oktoba visa yako ikiisha sitaihuisha, khalas, rudi Likoni ukavunje vya huko. Mbele ya Rosina.

Mubin akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama tu, akangoja.

Na mimi nikaokota kamba yangu, nikaikunja.

Jumatatu, 18 Agosti. 46.

Sikusema.

Jumanne, 19 Agosti. 46.

Sikusema. Nimejiambia Mubin ni kijana, atapata kazi pengine, na mimi nina miaka arobaini na moja na ada ya mwanangu iko kwenye kamba hizi. Ni kweli yote hayo. Lakini leo mchana Mubin alinisogezea maji ya baridi, na nikayaacha mezani mpaka yakapata moto.

Jumatano, 20 Agosti. 47.

Sikusema. Rosina amempigia Mzee mara mbili. Nasikia sauti yake kwenye simu na naingia stoo.

Alhamisi, 21 Agosti. 47.

Nimesema.

Nilimkuta Mzee anakunywa kahawa, peke yake. Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Mzee, ni mimi. Tepe zilianguka, nikazibandika kinyume. Mubin aliniambia tufungue tuangalie, nikamtukana."

Aliweka kikombe chini. "Siku nne, Fortunata."

"Ndiyo, Mzee."

"Siku nne wanitazama namdhulumu mtu, na wewe wajua."

Nikawa nafikiria sanduku langu na kile kitanda changu cha juu kwenye chumba cha watu sita. Kisha akanyanyuka akaenda nje kwenye pikapu. Nilimwona kupitia kioo anazungumza na Mubin huku ameweka mkono kifuani. Mzee wa miaka sabini anamwomba radhi dereva wake, kwa kosa langu.

Aliporudi akasema, "Kazi utafanya. Lakini tangu leo kila mzigo unaoufunga, Mubin ataukagua nyuma yako." Angenikata mshahara ningeona nafuu. Nimesema sawa, na nimeikubali, kwa sababu ndiyo haki yake.

Nilimfuata Mubin. "Kwa nini hukusema? Uliniona."

"Ningesema, ingekuwa neno langu na lako, sister, na Mzee anakutrust wewe." Akacheka kidogo. "Halafu nilijua tu utaongea. Ila ulinichelewesha, manze. Nilishaanza kuangalia tiketi."

Mtu huyu nimemwita mvivu miezi mingapi? Nimeona haya mpaka masikio yakawaka.

Halafu nikafanya la pili, kabla moyo haujapoa. Nikamwomba Jaafar namba ya mama yake. Alikataa, nikamwambia basi nitaipata kwa njia yoyote na nitasema ulinikataza. Akanipa.

Bi Shifaa ana sauti nene, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilimwambia yote, kwamba ni mimi niliyekosea, mwanawe hana hatia, na sahani ni za dada mmoja aliyezikusanya miaka tisa. Nikasikia anavuta pumzi. Nilingoja anitukane.

"Kwa hiyo nimemtolea mume wangu mali ya mtu," akasema. "Hiyo haitamfika, mwanangu. Sadaka ni ya chako. Huyo dada ndiye mwenye neno. Akiridhia, basi ni sadaka. Asiporidhia, nitazirudisha zote, hata ikiwa ni kwa kupiga magoti. Nataka kusikia kwa kinywa chake."

Jumapili, 24 Agosti. 46.

Rosina alikuja. Nilimpeleka kwenye kochi tulilokaa Juni, halijauzwa bado, nikamwambia ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki nzima nimemchukia Mubin," akasema. "Nimemsema vibaya mpaka kanisani. Kumbe hana kosa."

Hicho ndicho kilichomuuma kwanza. Akaenda kumtafuta, akamwomba msamaha, na Mubin akababaika, akasema hakuna shida, no stress, akakimbilia kuosha gari lililokwisha oshwa.

Kisha tukampigia Bi Shifaa. Akamweleza Rosina kama alivyonieleza mimi: ukiridhia, ni sadaka ya marehemu na utapata thawabu zako; usiporidhia, ni haki yako. Rosina alishika simu kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikuyumba.

"Bibi, nisamehe. Siwezi kuridhia. Nimezikusanya moja moja miaka tisa, na watu wananingoja nazo."

"Usiniombe msamaha kwa kutaka chako," Bi Shifaa akamwambia. "Nipe siku kumi."

Alhamisi, 28 Agosti. 45.

Nimefunga mizigo minne, Mubin ameikagua yote minne. Kwenye wa tatu alikuta nimesahau fundo moja. Akalifunga.

Jumatano, 3 Septemba. 44.

Bi Shifaa kapiga simu mwenyewe, na leo alikuwa anacheka. Anapita kila nyumba akisema kwa kinywa chake, "Nilikupa cha mtu, sikujua, nirudishie." Anasema nyumba ya kwanza alitamani ardhi ipasuke. Ya pili ikawa rahisi. Lakini pale mtaani sahani hairudi tupu kwa mwenyewe, ni aibu. Basi kila anayerudisha ameweka kitu juu yake: kaimati, mahamri, viazi vya karai, mbaazi za nazi. "Nina sahani mia na zaidi za chakula mezani na ninaishi peke yangu! Nimewaita watoto wa madrasa wote waje wale." Kwa mara ya kwanza tangu Agosti kumi na saba nimecheka na mimi.

Sikuuliza mia na zaidi ngapi. Niliogopa.

Jumatatu, 8 Septemba. 43.

Tumepanga hivi. Mafriji ni pacha, kwa hiyo Bi Shifaa abaki na lile alilokwisha kuliwasha, na hili la hapa liende Dar na kontena la mwezi huu kwa jina la Rosina. Vitu vya Jaafar vitakwenda na mtu. Rosina mwenyewe atapitia Mombasa, achukue sahani zake, apande nazo basi mpaka Tanga, mpaka Dar, mpaka Songea, na Mbinga. Tiketi ya Mombasa Mzee amesema ni juu yake, na asisikie mtu akilijadili.

Nimemwambia Rosina kwenye mabasi yale zitavunjika. Akasema, "Nitazipakata."

Jumamosi, 13 Septemba. 42.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Nilimletea magazeti ya kufungia na kamba yangu nzuri, nikamwonyesha tena namna ya kupanga sahani wima badala ya kuzilaza, maana zikisimama hazipasuki. Alinisikiliza kama hajui, wakati ndiye aliyenifundisha kwa yale mashuka. Tulipoagana nilitaka kusema neno kubwa, nikajikuta nasema, "Usisahau maji ya kunywa." Akanikumbatia mbele ya foleni nzima.

Jumamosi, 20 Septemba. 40.

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Rosina. Yuko Dar, amefika na maboksi yake salama. Nimeusikiliza mara tano, na naunakili hapa nisije nikaupoteza: "Dada Fortu, nimezihesabu mwenyewe kwa Bi Shifaa. Zimetimia zote, mia na themanini. Hakuna hata iliyopata ufa. Sasa lala usingizi, dada yangu, usijilaumu tena."

Nimempigia Mubin kelele kutoka stoo mpaka nje. Mzee amesema alhamdulillahi, nami nikaitikia, Mkatoliki mzima wa Muleba. Leo nimefunga mizigo sita na hakuna hata mmoja uliokosewa.

Jumatatu, 22 Septemba. 40.

Nilimpigia Bi Shifaa kumshukuru. Nikamwambia, Bibi, umefanya kazi kubwa, kukusanya zote mia na themanini.

"Alikuambia hivyo?" akauliza.

"Ndiyo."

"Alinisihi nisikuambie. Lakini mimi, mwanangu, sina kifua cha kuweka uongo, hata ukiwa mwema."

Zilizorudi ni mia na sitini na mbili. Zilikuwa zimebaki nyumba tatu, na Rosina alipofika alisema watakwenda pamoja. Wakaenda. Katika kila nyumba wenyewe walizitoa bila ubishi, zimeoshwa, na katika nyumba hizo tatu hamkuwa na sahani nyingine yoyote ya kulia. Bi Shifaa anasema Rosina alisimama mlangoni mwa ile ya kwanza, kwa mama mmoja mwenye wajukuu watano, akazishika zile sita, akaziangalia, kisha akamrudishia mikononi. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Na ya tatu.

Njiani wakirudi alimwambia Bi Shifaa, "Hizi kumi na nane nimeridhia. Nimezitoa kwa ajili ya mumeo. Sasa zitamfika."

"Nililia njiani kama mtoto," Bi Shifaa akasema. "Na akaniambia, yule dada wa Dubai mwambie zimetimia. Akijua zimepungua atajitesa."

Nilikata simu nikakaa kwenye maboksi. Mimi nilidanganya siku nne ili nisipate hasara. Yeye kanidanganya ili nisipate uchungu, yeye niliyempotezea. Nimelia, na sijali kama Mubin ameniona. Ameniona. Alifunga mlango wa stoo taratibu, akawaambia wateja tumefunga kwa nusu saa.

Kwa Rosina nimeandika: "Nimefurahi sana zimetimia. Nimelala vizuri." Sitamwambia kamwe kwamba najua.

Jumapili, 28 Septemba. 38.

Joto limepungua. Asubuhi watu walikuwa wanatembea kwa miguu barabarani kama watu wa kawaida. Leo nimemwomba Mzee siku ya kupumzika, na Mubin amekubali kunizungusha na pikapu bila hata kumbembeleza. Tumepita duka moja Satwa, mawili Karama, na nyumba mbili za wanaohama Muhaisnah na Mirdif. Tumeuliza kila mahali na kufungua kila kabati tuliloruhusiwa. Saa kumi jioni, kwa mama mmoja wa Kifilipino aliyekuwa anataka kuzitupa, tumepata nne, zenye mstari wa kijani.

Nimezifunga kwa mkono wangu na Mubin amekagua. Zimebaki kumi na nne.